Mwalimu wa Kukosha Walio Hai: Bi Mardhiya binti Khelef, 1945–2019

Assalaam alaykum, jamaa, majirani, na nyinyi wanafunzi wa marehemu mliotoka Hayes, Hounslow na kote huko. Kwetu sisi wasifu hausomwi kaburini. Maiti huombewa dua, basi. Lakini watoto wamezaliwa huku, wamezoea karatasi yenye picha, na sheikh amesema baada ya hitma hapana ubaya. Kwa hivyo mimi, Shemsa binti Matar, wifi yake marehemu, ndimi niliyepewa kusoma, na nitasoma kama nilivyoandika. Atakayeona nimezidisha, aje aninong'oneze kwenye chai.

Marehemu Bi Mardhiya binti Khelef bin Said alizaliwa Wete, Pemba, tarehe 12 Machi 1945, mtoto wa pili wa Bwana Khelef bin Said, karani wa forodha, na Bi Zuwena binti Hemed. Walizaliwa watano, wakakua watatu. Alilelewa zaidi na bibi yake mzaa mama, Bi Mgeni, ambaye Wete nzima ilimjua kwa kazi yake ya kukosha maiti za wanawake. Akifiwa mtu, tajiri au maskini, anayefuatwa kwanza ni Bi Mgeni. Mjukuu akimbebea birika na vitambaa, akikaa nyuma ya pazia kumkabidhi maji. Hapo nyuma ya pazia alimsikia bibi yake akizungumza na maiti kwa sauti ya kumbembeleza mtoto: "Nakugeuza sasa, mwanangu. Nakumiminia maji, usishtuke." Kila jambo alilisema kabla hajalitenda. Siku moja mtoto akauliza, "Bibi, kwani anasikia?" Bi Mgeni akamjibu, "Najisikia mwenyewe. Nikijisikia, sifanyi pupa." Marehemu alinihadithia hayo mara nyingi, na kila mara akiigiza ile sauti.

Alisoma chuo cha Kurani hapo hapo Wete, kisha skuli ya wasichana, na mwaka 1959 akapelekwa Unguja kwa masomo ya sekondari, akakaa dakhalia, bweni la skuli. Mwaka 1963 aliingia chuo cha ualimu. Huko ndiko alikopata alichokitaka. Alipopelekwa skuli ya jirani kwa majaribio, alisimamishwa mbele ya watoto wa darasa la pili akaambiwa awafundishe kusoma saa, na alitwambia kuwa alirudia yale yale mara tatu mpaka pale mtoto mmoja wa nyuma alipoangua kicheko kwa furaha ya kuelewa. Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta yuko Wete, likizoni. Baba yake aliachishwa kazi, na yeye hakurudi tena chuoni. Sina la kuongeza hapo. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo wameshahadithiwa, kila mtu na mdomo wake. Ninalolijua mimi ni kuwa ualimu wake ulimkatikia njiani, na kwa miaka zaidi ya ishirini kulikuwa na neno moja asiloacha kulirudia. Ukimsifu kwa upishi, ukimsifu kwa kushona, atakuitikia vizuri, kisha ataongeza kwa sauti ya chini: "Mie nilikuwa niwe mwalimu."

Tarehe 18 Juni 1967 aliolewa Mombasa na kaka yangu, Bwana Abdulwakil bin Matar, aliyekuwa ametangulia kutoka Unguja kwa njia zake. Nisiseme uwongo na hitma imesomwa sasa hivi: sisi mawifi tulimtazama tukamkosoa. Mwembamba, mwenye kusema polepole, na akipika wali anayapima maji kama anapima dawa! Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na tano, mdomo wangu haukuwa na mlango. Marehemu mama yetu akatunyamazisha, akasema, "Mwacheni. Huyo ana adabu ya mikono." Wakati ule sikujua mama ameona nini.

Septemba 1969 mtu na mumewe walifika London, wakapanga chumba kimoja Hounslow, ndege zikipita juu ya paa mpaka sahani zinalia kabatini. Khelef alizaliwa mwaka 1970, na Jokha mwaka 1973. Kaka yangu alipata kazi ya stoo uwanja wa ndege. Yeye alipata kazi Hayes, kwenye jiko la kupika chakula cha ndege, akasimama hapo miaka saba akipanga trei: mkate hapa, siagi pale, kijiko huku. Nami nilipokuja London alinitafutia nafasi pembeni yake. Tulikuwa tukivaa kofia za nailoni kama waokaji, na mikono ikiganda kwa baridi ya mle ndani, yeye akiniambia, "Shemsa, kuna watu wanafikiri chakula hiki kimetoka mbinguni." Alikuwa na mzaha, ila mzaha wake ulihitaji uwe karibu ndipo uusikie.

Mwaka 1974 alifariki mama mmoja wa Kiunguja, Hounslow hapa hapa, na ikawa hapana mwanamke anayejua kumkosha. Vijana wa kike tuliokuwepo tulikuja kwa skuli au kwa kukimbia vita na njaa, hayo tulikuwa hatujafundishwa. Wazee wetu wamebaki nyumbani. Tukatazamana. Mardhiya akainuka, akafunga kanga kiunoni, akasema, "Chemsheni maji. Nitajaribu nikumbuke." Alikumbuka. Tangu siku hiyo akawa ndiye mkosha wetu, na karibu kila nyumba yenye mtu hapa ukumbini amewahi kuiingia kwa kazi hiyo, bila ya kuchukua hata nauli ya basi. Mtu akimtania, "Na wewe Bi Mardhiya, atakukosha nani?" akijibu, "Mwosha huoshwa. Sitabaki hivi hivi."

Mwaka 1978 aliacha trei, akaenda kufanya kazi kwenye nyumba ya wazee, Hayes. Siku za mwanzo alimwendea bibi mmoja wa Kizungu, mtu wa miaka tisini, kwa desturi ile ya Bi Mgeni: "Nakugeuza sasa, bibi." Yule bibi akamzaba kibao. "Mimi sijafa!" akamwambia. "Niulize kwanza!" Mardhiya alirudi nyumbani na shavu jekundu, akacheka mpaka akakaa chini. Lakini neno lilimwingia. Tangu hapo akawa anauliza: nikuguse mkono huu? Maji sawa? Na asipojibiwa, hamimini. Akalileta mpaka nyumbani. Jokha alikuwa na miaka mitano, na kila akikogeshwa mama yake anasimama na kopo mkononi, "Maji sawa, mwanangu?" Mtoto anamjibu kwa Kiingereza, maana Jokha Kiswahili alikisikia chote lakini ulimi wake ulikuwa wa Hounslow. Mama anaitikia kwa kichwa, anamimina.

Sasa nifike kwenye ualimu, na naomba mnisikilize vizuri, kwani hapa ndipo penyewe.

Alijiandikisha masomo ya jioni ya kuhudumia wagonjwa kwenye koleji moja upande wetu huu wa magharibi. Mkuu wa idara alikuwa Bi Pushpa, huyu hapa aliyekaa kiti cha mbele, na Mungu amzidishie umri. Bi Pushpa ni mtoto wa Mkunazini, ameondoka Unguja mwaka 1965. Walipogunduana, wakawa wanazungumza Kiswahili kwenye korido mpaka watu wanageuka. Mwaka 1985 Bi Pushpa alimwambia, "Shoga, wewe si wa kukaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Njoo ufundishe." Mardhiya hakulala usiku ule, kaka yangu alituambia. Alikuwa na miaka arubaini, na mlango aliofungiwa Unguja unamfungukia Hounslow.

Ila koleji haichukui mwalimu wa kudumu mpaka apate cheti, na cheti hakitolewi mpaka mkaguzi aje akutazame unafundisha. Mkaguzi alikuja Mei 1986. Somo lilikuwa namna ya kumkosha mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani. Mgonjwa mwenyewe ni mdoli wa plastiki, mkubwa kiasi cha mtu mzima, macho wazi. Mardhiya alikuwa amejitayarisha kwa wiki kadhaa, na amevaa koti la kijivu nililomshonea mimi. Akaanza vizuri. Akamfunika mdoli shuka, akakosha upande wa kulia kwanza, kidogo kidogo chini ya shuka bila kumfunua, akieleza kila hatua. Akamuuliza mdoli, "Maji sawa?" Mdoli, kimya. Akauliza tena. Kimya. Basi, kwa maneno yake mwenyewe, "Mikono yangu ilipoona hanijibu mtu, ikajua la kufanya."

Jamani! Alipomaliza kumkausha, alichukua bandeji akamfunga mdoli taya. Akamlaza mikono. Akachukua bandeji nyingine akamfunga vidole gumba vya miguu pamoja. Kisha akamvuta shuka mpaka juu ya uso, akasimama kando, kichwa chini, midomo ikienda kwa dua. Harjit, mtoto wa kike wa Nairobi, ambaye leo ndiye mwalimu wa somo hilo hilo na yuko pale mlangoni anagawa chai, wakati ule alikuwa mwanafunzi wa mstari wa mbele. Akanyanyua mkono. "Mwalimu," akauliza, "kwani amekufa?"

Mkaguzi alikuwa mzee wa Kizungu, muungwana. Hakumcheka. Alimwambia kuwa ameona masomo mengi ya kukosha mgonjwa na hajaona mikono yenye heshima kama ile, lakini hawezi kumpasisha mwalimu ambaye mgonjwa wake amekufa katikati ya somo. Akamwambia yuko tayari kurudi kumtazama mara nyingine.

Marehemu hakutaka kusikia la mara nyingine. Alirudi nyumbani akavua lile koti, akasema harudi koleji tena, kazi yake ni kukosha wafu na ndiyo aliyoandikiwa, ualimu aliunyimwa Unguja na ameunyimwa hapa. Alikuwa haoni la kuchekesha hata kidogo. Kaka yangu Abdulwakil, mtu asiyesema sana, alimwacha siku kadhaa, kisha akamwambia wakati anakunywa chai: "Mwaka sitini na nne uliacha ualimu kwa mapinduzi, na hapana aliyekulaumu. Leo unauacha kwa mdoli?" Akaweka kikombe, akenda zake kazini. Mchana wake Bi Pushpa akaja na bakuli la chakula, akagonga mlango mpaka akafunguliwa. "Shoga," akamwambia, "yule mdoli tumeshamzika. Wewe toka."

Ndipo aliposema neno moja: "Basi nipeni mtu wa kunijibu."

Hapana aliyejitolea. Nani anataka kulazwa kitanda cha darasani akakoshwa mbele ya watu? Akaja kwangu. Nikamwambia, "Wifi, miguu yangu utaikosha nikiwa maiti." Akanijibu, "Ukiwa maiti hutanisumbua. Nakutaka ungali na mdomo." Basi nikenda, siku aliyorudi mkaguzi. Nywele nilikataa, mkaguzi ni mwanamume. Tukakubaliana uso, mikono na miguu. Nikalala pale na mtandio wangu kama bibi harusi wa bahati mbaya, na wanafunzi wamenizunguka.

Akasimama na beseni. Aliniuliza kama naweza kuguswa mkono, nikamruhusu. Akachota maji. "Maji sawa, wifi?" Sasa mimi na yeye ni wifi na wifi, na mnajua wenyewe. Nikasema, "Ah, ya baridi." Yalikuwa mazuri tu. Alinitazama, na macho yake yaliniambia ningoje tufike nyumbani. Lakini aliweka kopo chini, akachukua beseni, akatoka darasani, akenda bafuni mwisho wa korido kubadilisha maji, na mkaguzi kakaa na saa yake. Akarudi. "Na sasa?" Nikasema, "Sasa yanaunguza." Wanafunzi wakaanza kucheka. Harjit alijifunika uso. Mardhiya hakucheka wala hakukasirika. Akalibeba beseni tena, akatoka tena, akarudi, akasimama juu yangu na kopo mkononi, akangoja jibu langu kama hana jambo jingine duniani. Ilibidi niseme kweli. "Sawa," nikamwambia. Ndipo akamimina.

Mkaguzi alimpasisha pale pale. Alisema mwalimu huyu amewafundisha wanafunzi kwamba mgonjwa ndiye mwenye kusema. Kwa hivyo kile cheti nusu yake ni yangu, na marehemu hakuwahi kukataa hilo, ingawa tulipofika nyumbani alinifinya.

Alifundisha koleji hapo kuanzia Septemba 1986 mpaka alipostaafu Julai 2010. Mdoli hakumtumia tena. Somo lake la kwanza kila mwaka lilikuwa watu wawili wawili, wakae wakitazamana, kila mmoja amkoshe mwenzake mikono, na asimimine mpaka amuulize na ajibiwe. Kina mama wa Kisomali, vijana wa Kipunjabi, wanaume wa Kipolishi waliokuwa wakiona haya, wote walipitia beseni lile. Mwanafunzi akifanya haraka, Mardhiya akimshika kifundo cha mkono, hamwambii kitu, anamshika tu mpaka aulize. Ukienda hospitali yoyote ya upande huu au nyumba yoyote ya wazee, ukiguswa na mtu akakuuliza kwanza, kuna uwezekano mkubwa ni mwanafunzi wake, au mwanafunzi wa mwanafunzi wake. Na kwa maiti zetu aliendelea vile vile. Jioni anafundisha, alfajiri anaitwa.

Lakini moyoni alikuwa na kidonda kimoja, nami nitakitaja kwa kuwa mwenye habari amenipa ruhusa. Jokha alipokuwa na miaka kumi na saba, mama yake alimwomba amfuate kwenda kumkosha jirani yetu. Jokha alifika mlangoni, akasimama, akageuka. Alisema kwa Kiingereza kuwa hawezi. Mama yake hakumgombeza na hakumwomba tena maisha yake yote. Jokha alisoma, akapata kazi ya ofisi za reli Stratford, mtoto mwema, anamletea mama yake matunda kila Jumapili. Ila ile siku haikumtoka marehemu. Tukiwa wawili alikuwa akiniambia, "Shemsa, nimefundisha watoto wa watu wote. Wangu sikumfundisha kitu." Nilimwambia aache maneno hayo. Hakuacha.

Kaka yangu Abdulwakil alitangulia mbele ya haki tarehe 2 Februari 2004. Marehemu alikaa eda yake, akarudi kufundisha. Baada ya kustaafu aliotesha bilingani na kisamvu nyuma ya nyumba, kisamvu kikafa kila mwaka kwa baridi, na kila mwaka akapanda tena, mbishi yule! Kabla hajaugua alinipa wasia kwa mdomo: "Akinikosha Jokha nitafurahi. Akishindwa, msimlazimishe. Mnikoshe nyinyi, na msimnunie."

Machi 2017 alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilala, na maneno yakabaki machache. Jokha aliacha nyumba yake Stratford akahamia kwa mama yake. Asubuhi na jioni walikuja wahudumu wa kumkosha, na Jokha akisimama nje ya mlango wa chumba, mkono kwenye fremu, mpaka wamalize. Haingii. Alikuja msichana mmoja mgeni kwenye kazi, mwepesi sana, anashughulika na saa yake. Mardhiya, mwenye mkono mmoja mzima, alimshika kifundo cha mkono. Msichana akafikiri bibi anaumwa. Akavuta, hakuachiwa. Jokha ndiye aliyemwambia kutoka mlangoni: muulize kama maji yako sawa. Msichana akauliza. Mardhiya akamwachia. Nilikuwa nimekaa pale pale kitandani, na nilimwona mgonjwa akimtazama mwanawe kwa muda mrefu.

Alifariki nyumbani kwake Hounslow, Jumatano tarehe 6 Novemba 2019, baada ya sala ya alasiri, Khelef na Jokha wakiwa pembeni yake na mimi nikimsomea Yasin. Alikuwa na umri wa miaka sabini na nne.

Ameacha mtoto wa kiume, Khelef, na mkewe. Mtoto wa kike, Jokha. Wajukuu wanne na kitukuu mmoja. Dada yake Bi Raya aliyeko Wete, na kaka yake Bwana Hemed aliyeko Maskati. Ameacha rafiki yake Bi Pushpa, na wifi mmoja mwenye mdomo. Familia inawashukuru wote, na chakula kilicholetwa kinatosha, msilete tena.

Nimebakisha jambo moja. Ya chumba cha kukoshea ni amana, na la mwili wake hamtalisikia kwangu wala kwa yeyote tuliyekuwa naye. Nitakalosema ni la aliye hai.

Jana asubuhi tuliingia wanawake wanne. Harjit si wa dini yetu, akavua viatu akakaa nje mlangoni, akasema haondoki. Tumeshatayarisha maji na kafuri, tumeshamsitiri marehemu, nami nimeshika kopo, mlango ukafunguliwa. Akaingia Jokha. Amefunga kanga ya mama yake kiunoni. Hatukumwambia kitu, wasia ni wasia. Alikuja mpaka kwangu, akanyoosha mkono, nikampa kopo. Akachota maji. Akayajaribu kwenye mkono wake mwenyewe. Akasimama upande wa kulia, kopo juu, na badala ya kumimina akangoja. Kisha huyo mtoto, ambaye tangu azaliwe anatujibu kwa Kiingereza, akainama akasema kwa Kiswahili safi:

"Maji sawa, Mama?"

Akangoja jibu. Machozi yanamtoka na kopo halimtikisiki. Sote tukangoja naye. Mimi niliyemhangaisha mama yake na beseni mara mbili mbele ya mkaguzi, ikanibidi nimjibie wifi yangu.

"Sawa, mwanangu," nikamwambia. "Mimina."

Akamimina.

Mardhiya, wifi yangu, ulisema hukumfundisha kitu. Hapo ulikosea. Mola akupumzishe kwa amani, akufanyie wepesi huko uliko. Amin.